Karani Hakuulizwa

Jumanne ya tarehe 8 Januari 2019, Desmond Meade aliingia na familia yake katika ofisi ya uchaguzi ya Kaunti ya Orange, mjini Orlando, akajaza fomu ya kujiandikisha kupiga kura. Fomu yenyewe si kitu cha kutisha: jina, anuani, tarehe ya kuzaliwa, visanduku vya kutia alama, sahihi, basi. Ila huyu bwana alikuwa ameifuata kwa miaka mingi. Mwaka 2005, akiwa ametoka jela na hana pa kulala, alisimama kando ya reli mjini Miami akingoja treni ije ajitupe. Treni haikuja. Akavuka reli, akaenda kutafuta tiba ya ulevi wa dawa za kulevya, akarudi shule, na mwaka 2014 akapata shahada ya sheria. Lakini shahada hiyo haikumfanya wakili, wala hakuwa na haki ya kupiga kura. Katiba ya Florida ilimhesabu mtu aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa la jinai kuwa nje ya daftari la wapiga kura maisha yake yote, labda gavana amwonee huruma.

Msomaji wa Kenya anaijua kura ya maoni kwa ile ya katiba ya mwaka 2010: nchi nzima, ndiyo au hapana. Marekani hawana kura ya maoni ya taifa. Walizo nazo ni za majimbo, na kila jimbo lina kanuni zake. Florida, wananchi wakikusanya saini za kutosha wanaweza kuirekebisha katiba ya jimbo moja kwa moja bila kusubiri wabunge, ila kifungu kipya lazima kipate asilimia 60. Meade na wenzake walihitaji saini 766,200. Walizipata wakisimama nje ya maduka, makanisani na kwenye maegesho ya magari. Novemba 2018 marekebisho yao, yaliyoitwa Marekebisho ya 4, yalipita kwa asilimia 64 na ushei, kura zaidi ya milioni 5.1. Kwenye karatasi hiyohiyo ya kura Ron DeSantis aliupata ugavana kwa kura chini ya milioni 4.1, akimzidi mpinzani wake kwa kura kama 32,000 tu. Maana yake kifungu kile kilikuwa na wapenzi milioni moja zaidi ya gavana aliyekuja kukisimamia.

Walioguswa walikadiriwa kuwa watu milioni 1.4. Marufuku yenyewe ilikuwa na mizizi katika katiba ya 1868, miaka mitatu tu baada ya vita vilivyokomesha utumwa, na haihitaji mwanahistoria kueleza ililenga nani. Kufikia 2016, katika Florida, zaidi ya mtu mzima mmoja mweusi kati ya watano alikuwa amepoteza kura kwa njia hiyo.

Ungekuwa mradi wa maji, tarehe 8 Januari ndiyo ingekuwa siku ya kukata utepe. Na sisi tulioandika habari za miradi kwa muda tunajua kwamba siku ya utepe bomba hutoa maji.

Kifungu kilikuwa kifupi. Mtu akishamaliza masharti yote ya hukumu yake, pamoja na kipindi cha uangalizi, haki yake ya kupiga kura inarudi. Waliotiwa hatiani kwa mauaji au makosa ya kujamiiana wakaachwa nje, hao waendelee kumwomba gavana. Ukisoma haraka unaona kazi imekwisha. Ukisoma polepole unakwama kwenye neno "yote". Faini je? Ada za mahakama? Fidia kwa aliyeibiwa gari mwaka 1994? Machi 2017, kifungu kikiwa bado kinapimwa na Mahakama ya Juu ya Florida kabla ya kupelekwa kwa wapiga kura, wakili wa waliokiandika aliulizwa kama fedha zimo. Akakubali kwamba zimo. Jibu lile lilikuja kumrudia. Januari 2020 mahakama hiyohiyo ilitoa maoni kwamba ndiyo, masharti yote ni pamoja na kila senti, na majibu ya waanzilishi wenyewe yalikuwa sehemu ya ushahidi.

Siwalaumu sana. Walikuwa wakitafuta asilimia 60 katika jimbo ambalo wakati ule uchaguzi mkubwa uliamuliwa kwa tofauti ndogo sana, na mpiga kura wa kihafidhina hulainika akiambiwa kwamba mtu kwanza amelipa alichodaiwa. Lugha ya "maliza hukumu yako" iliuzika. Lakini kifungu kiliandikwa kwa ajili ya yule anayesimama ndani ya chumba cha kura na kalamu mkononi. Mtu wa pili, yule anayekaa nyuma ya kioo katika masijala ya mahakama akiwa na kompyuta ya zamani na mafaili yasiyo na mwisho, hakuna aliyemfikiria. Karani hakuulizwa kama anaweza kujibu swali ambalo sheria nzima ilikuja kuning'inia juu yake: huyu mtu anadaiwa kiasi gani?

Wabunge ndio walioliweka swali hilo mezani rasmi. Tarehe 28 Juni 2019 DeSantis alisaini sheria iliyojulikana kwa namba yake, 7066. Ilisema kumaliza hukumu ni pamoja na kulipa faini, ada, gharama na fidia zote zilizotajwa na jaji siku ya hukumu. Ilitoa mlango mdogo: jaji anaweza kubadili deni kuwa kazi za kijamii, na katika mazingira fulani kulifuta. Gavana na wenzake walisema wanatekeleza tu kile wananchi walichokipigia kura. Kwa herufi, hawakuwa wamekosea kabisa, na hapo ndipo ugumu wa habari hii ulipo.

Sasa tuingie masijala. Florida ina kaunti 67, na kila moja ina ofisi yake ya karani wa mahakama na namna yake ya kutunza kumbukumbu. Hakuna daftari moja la jimbo linaloonyesha nani anadaiwa nini. Hukumu ya miaka ya themanini inaweza kuwa kwenye boksi ghalani, au imeandikwa bila kutenganisha faini na ada. Fidia wakati mwingine hulipwa moja kwa moja kwa mwathirika, na karani hana risiti. Mtu aliyehukumiwa katika kaunti tatu ana madeni matatu kwenye vitabu vitatu. Asipolipa, karani hupeleka deni kwa kampuni ya kukusanya madeni, na sheria inairuhusu kampuni kuongeza hadi asilimia 40 juu yake. Deni la dola 500 linakuwa 700. Mdaiwa akilipa 500 akadhani amemaliza, sehemu imekatwa na kampuni, na kitabu cha karani bado kinaonyesha salio. Je, mtu huyu ametimiza hukumu? Jaji alisema 500, na 500 zimetoka mfukoni mwake. Maofisa wa jimbo walibadili msimamo wao juu ya hesabu hii wakati kesi ya kuipinga sheria ikiendelea: mwezi Machi 2020 wakaja na msimamo kwamba kila dola iliyolipwa, hata iliyoishia kwa kampuni, ihesabiwe dhidi ya kiasi cha awali. Msimamo wa huruma, labda. Lakini ili kuutumia lazima uyajue malipo yote tangu siku ya kwanza, na risiti hizo hazikutunzwa.

Kuna jambo jingine ambalo sijaona likisemwa vya kutosha. Kwa nini mahakama za Florida zinamtoza mtu aliyefungwa ada nyingi hivyo? Kwa sehemu ni kwa sababu ya kura ya maoni nyingine. Mwaka 1998 wapiga kura walipitisha marekebisho yaliyosema ofisi za makarani ziendeshwe kwa ada za watumiaji wa mahakama, na mfumo huo ukaanza kazi 2004. Mshahara wa karani ukawa unatoka kwenye makaratasi anayogonga muhuri. Miaka 20 baadaye wananchi wa jimbo hilohilo, kwa nia njema kabisa, wakapigia kura kifungu kingine kilichogongana na kile cha kwanza palepale kwenye dirisha la masijala. Kura hizi hupigwa moja moja, na karatasi ya kura haina mahali pa kuuliza hii mpya itakaaje nyumba moja na ile ya zamani.

Kesi ya kuipinga sheria ya 7066 ilifika kwa Jaji Robert Hinkle wa mahakama ya shirikisho mjini Tallahassee. Hukumu yake ya tarehe 24 Mei 2020 ni ndefu, na sehemu yake nzuri zaidi, kwangu, haihusu falsafa ya haki. Inahusu dirisha. Profesa mmoja na kundi la wanafunzi wa shahada ya uzamivu walichukua majina 153 bila kuchagua, wakahangaika kwa muda mrefu kutafuta kila mmoja anadaiwa nini. Kumbukumbu ziligongana kwa watu wote isipokuwa watatu. Hao ni watafiti wenye intaneti na simu, wasiokuwa na zamu ya usiku wala mtoto wa kumchukua shuleni. Jimbo lenyewe lilikuwa na maombi 85,000 ya watu wenye hukumu yakingoja kukaguliwa, na halikuwa limekamilisha hata moja. Kwa mwendo ule, jaji alipiga hesabu, kazi isingeisha kabla ya 2026.

Hinkle aliuita utaratibu huo mpango wa kulipia kura, akaamuru jambo ambalo fundi yeyote wa miradi angelielewa: mtu aulize jimbo anadaiwa kiasi gani, na jimbo lisipojibu ndani ya siku 21, aruhusiwe kujiandikisha. Mzigo wa kutojua uhame upande wa pili wa dirisha. Amri hiyo haikudumu. Mahakama ya rufaa ya Atlanta iliisimamisha mwanzoni mwa Julai, Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuingilia, na tarehe 11 Septemba majaji 6 dhidi ya 4 wakaitengua kabisa. Jimbo, walisema, halina wajibu wa kikatiba wa kumtafutia mtu taarifa za deni lake.

Palipokuwa na watu waliotaka, mambo yalisogea. Miami-Dade mwendesha mashtaka, mawakili wa serikali wa utetezi na karani walikaa pamoja wakabuni vikao maalumu ambapo jaji alirekebisha hukumu za zamani kwa mafungu. Shirika la Meade lilianzisha mfuko wa kulipia watu madeni. Michael Bloomberg akasaidia kuuchangishia dola milioni 16 zaidi, na mwanasheria mkuu wa jimbo akaitaka polisi ya shirikisho imchunguze kwa hilo. Kaunti zisizokuwa na watu wa aina hiyo zilibaki kama zilivyokuwa.

California waliuliza wapiga kura wao swali linalofanana na hilo Novemba 2020. Pendekezo la 17 liliwarudishia kura walioko nje kwa masharti, watu kama 50,000. Lilipita, na sijasikia masijala ikizidiwa. Kigezo kilikuwa kimoja: uko gerezani au hauko. Mlinzi wa geti anaweza kukijibu.

Agosti 2022 DeSantis alisimama kaunti ya Broward akatangaza kukamatwa kwa watu 20 waliopiga kura ya 2020 bila kustahili. Hawa walikuwa wametiwa hatiani kwa mauaji au makosa ya kujamiiana, kundi lile lililoachwa nje na kifungu. Lakini walikuwa wamejaza fomu, fomu zikapokelewa, kadi za mpiga kura zikawafikia nyumbani kwa posta. Miezi miwili baadaye zilitoka picha za kamera za kifuani mwa polisi: watu wametolewa nje asubuhi, wanauliza kwa sauti ya mshangao ni kosa gani hilo, na baadhi ya askari nao wanaonekana kutojua waseme nini huku wakifunga pingu. Baadhi ya kesi zilitupwa na majaji kwa sababu za mamlaka ya mwendesha mashtaka wa jimbo, na Februari 2023 wabunge wakabadili sheria kumwongezea mamlaka hayo.

Mwaka huohuo walipitisha nyingine. Mtu ungetazamia daftari la pamoja la madeni, au walau namba ya simu inayojibiwa. Walichofanya ni kuongeza maneno kwenye kadi ya mpiga kura. Ofisi ya uchaguzi ya kaunti inaichapa, inaiweka kwenye bahasha, inamtumia mwananchi. Ina jina lake juu yake, kituo chake, na maandishi yanayomwambia kwamba kadi hiyo si uthibitisho kuwa anastahili kupiga kura.