Wanafunzi wa Dini Mbalimbali Chuoni: Wajuane, na Kila Mtu na Dini Yake

Mzazi wa Lamu au Mombasa ampelekapo mwanawe chuo kikuu, huuliza habari za karo na malazi. Moyoni ana suali jingine: mwanangu atakaa na nani, na dini yake itasalimika? Suali hilo ni la haki. Chumba kimoja cha bweni huweza kuwa na kijana wa madrasa na kijana wa kanisani, na hapana mzee wa kuwaamua.

Vyuoni Waislamu wana jumuiya yao na Wakristo wana yao. Viko pia vikundi vinavyowakutanisha wanafunzi wa dini zote, na hivi ndivyo vinavyotiliwa shaka barazani. Wengine hudhani humo dini zatiwa chungu kimoja zikakorogwa. Wengine hudhani ni mihadhara ya kushindana kwa vitabu, kutafuta nani atamnyamazisha mwenziwe.

Tutazame mfano wa Marekani. Mwaka 2002 Eboo Patel, kijana wa Kiismailia, alianzisha mjini Chicago jumuiya ya Interfaith Youth Core, ambayo tangu mwaka 2022 huitwa Interfaith America. Njia yake ni hii: vijana hufanya kwanza kazi ya kheri pamoja, kisha kila mmoja hueleza ni lipi katika dini yake limsukumalo kuitenda. Hapo hapana aombwaye kuiacha imani yake. Asiyeijua dini yake ndiye apatwaye na haya, kwani hukosa la kusema.

Kwetu sisi jambo hili si geni. Waislamu wa mwanzo walipoudhiwa Makka walikimbilia Uhabeshi, wakapata hifadhi kwa Najashi, mfalme wa Kikristo. Aliyesema mbele yake kwa niaba ya wenziwe alikuwa kijana, Jaafar bin Abi Talib. Hakuificha itikadi yake juu ya Nabii Isa, wala hakumvunjia heshima mwenyeji wake. Na katika Kurani, Sura ya Al-Kafirun yaweka mpaka baina ya dini na dini, na Al-Hujurat yataja watu kujuana. Sura zote mbili twazisoma.

Kutojuana kwaweza kutumiwa na wabaya, nasi hapa Kenya tumeyaona. Alfajiri ya 2 Aprili 2015, siku moja kabla ya Ijumaa Kuu, Al-Shabaab walikivamia chuo kikuu cha Garissa. Waliwatenga Waislamu na Wakristo, wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Chuo kilifungwa, kikafunguliwa tena Januari 2016.

Mwaka ule ule, tarehe 21 Disemba, basi liendalo Mandera lilisimamishwa na watu wa kundi hilo hilo, wakataka abiria watengwe vile vile. Waislamu walikataa. Wanawake waliwapa wenzao Wakristo mitandio wajistiri. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Kisa hicho kiliwagusa wanafunzi wa chuo cha Hamburg, Ujerumani, wakatengeneza filamu iitwayo Watu Wote, iliyoteuliwa kushindania tuzo ya Oscar mwaka 2018.

Naam, kikundi cha wanafunzi hakizuii risasi. Lakini muuaji alianza kwa kuwagawa watu, na abiria wa basi lile walimnyima mgawanyo huo. Ujasiri wa namna ile hauzuki siku ya bunduki. Hulelewa kidogo kidogo: kwa kumzuru mwenzio hospitalini, kwa kumwekea chakula afungaye mpaka magharibi, kwa kwenda kumzika mzazi wake.

Basi mzazi, kabla ya kumkataza mwanao, mwulize mambo matatu. Je, wakati wa sala huheshimiwa? Je, yuko anayelazimishwa kushiriki ibada isiyo yake? Je, kuna kazi ya kheri inayofanywa, au ni maneno tu? Akikujibu vyema, mwache aende, nawe umkumbushe asiache kusoma dini yake. Atakayeulizwa habari za Uislamu huko chuoni ni yeye, na majibu yake ndiyo watakayoyachukua wenziwe kwenda nayo makwao.