Wakili, Dalali na Tajiri: Meneja wa Wasanii Aingiapo katika Utayarishaji wa Filamu

Kiswahili kina maneno matatu ambayo, yakitumiwa kwa uangalifu, yanatosha kueleza jambo ambalo huko Marekani limeleta mashtaka na mabishano ya miaka mingi. Wakili ni yule amsemeaye mwenziwe, naye hufungamana na upande mmoja tu. Dalali husimama baina ya mwenye kuuza na mwenye kununua, akapata ujira wake biashara ikishafungwa. Tajiri, neno ambalo siku hizi wengi hulichukua kwa maana ya mwenye mali basi, kwa maana yake ya zamani ni mwenye kazi: mwenye chombo, duka au shamba, ambaye wengine huajiriwa naye. Meneja wa wasanii anapoanza kutoa filamu huwa anahama kutoka uwakili kwenda katika utajiri. Taabu ni kwamba aghalabu huhama bila ya kuuacha ule uwakili.

Yafaa kwanza watu wawili watofautishwe. Katika jimbo la California, ambako ndiko iliko Hollywood, mtu amtafutiaye msanii kazi huitwa wakala, na sheria humtaka awe na leseni ya serikali. Kwa desturi iliyowekwa na vyama vya wasanii, ujira wake hauzidi asilimia 10. Meneja ni mtu mwingine. Kazi yake ni kumshauri msanii na kuyaongoza maisha yake ya kazi. Haitaji leseni, ujira wake ni wa mapatano, na kwa kanuni haruhusiwi kumtafutia msanii ajira. Kwa hiyo meneja ana uwezo mdogo kuliko wakala katika jambo moja, na uhuru mkubwa zaidi katika mengine yote.

Asili ya uhuru huo haieleweki pasipo habari za kampuni ya MCA, iliyoanzishwa Chicago mwaka 1924 na Jules Stein, aliyekuwa tabibu wa macho. Kampuni hiyo ilikuwa wakala wa wanamuziki, kisha wa waigizaji. Mwaka 1952 chama cha waigizaji kiliipa ruhusa ya pekee ya kutengeneza vipindi vya televisheni huku ikiendelea kuwa wakala wa wale wale waliocheza humo. Miaka kumi ikapita mtu yule yule akimdai tajiri mshahara wa msanii, naye mwenyewe ndiye tajiri. Mwaka 1962 serikali ya Marekani iliingilia kati kwa sheria za kuzuia uhodhi wa biashara, nayo MCA, iliyokuwa inaitwaa kampuni ya Universal, ikauacha uwakala. Tangu hapo mawakala wakawekwa mbali na utoaji wa filamu kwa muda mrefu. Mameneja hawakutajwa, na mlango ukabaki wazi kwao.

Miongoni mwa walioupita mlango huo ni Bernie Brillstein, meneja wa mchekeshaji John Belushi. Jina lake limo kama mtayarishaji mkuu katika filamu za The Blues Brothers ya mwaka 1980 na Ghostbusters ya mwaka 1984. Lakini aliyelifikisha jambo hili mwisho wake ni mshirika wake, Brad Grey, aliyezaliwa mwaka 1957. Grey alianza kwa kuwasimamia wachekeshaji, na mmoja wao alikuwa Garry Shandling. Kuanzia mwaka 1992 hadi 1998 Shandling alicheza katika kipindi cha televisheni cha The Larry Sanders Show, na Grey alikuwa meneja wake na pia mmoja wa watayarishaji wakuu wa kipindi hicho. Mwaka 1998 Shandling alimshtaki akidai dola milioni 100. Dai lake, kwa ufupi, lilikuwa kwamba mtu aliyepaswa kumtetea amejipatia faida kwa mgongo wake. Grey alilikana, naye akafungua madai yake dhidi ya Shandling. Mwaka 1999 walipatana, na hukumu haikutolewa.

Hilo ni jambo la kusikitisha kwa mwenye kutaka kujua sheria, maana hukumu ingalisema kama mtu aweza kuwa wakili na tajiri wa mtu mmoja. Desturi imejaribu kujibu: meneja akilipwa kama mtayarishaji, aghalabu huacha kumkata msanii wake ujira wa umeneja katika kazi hiyo. Dawa hii huponya mfuko; haiponyi ushauri. Meneja mwenye sehemu katika filamu hawezi kumwambia msanii wake kwa moyo mweupe aikatae.

Grey hakurudi nyuma. Mwaka 2005 alifanywa mkuu wa Paramount, akaacha umeneja. Filamu ya The Departed, ya mwaka 2006, inamtaja pamoja na Brad Pitt na Graham King kuwa watayarishaji. Lakini ilipopata tuzo ya Oscar ya filamu bora mwaka 2007, aliyeipokea ni King peke yake, kwa kuwa kanuni huuliza ni nani aliyeifanya kazi yenyewe. Hapa ndipo neno letu mtayarishaji linapokuwa na shida. Kitenzi tayarisha chasema habari ya kazi ya mikono, hali cheo hiki mara nyingi hupewa mtu kwa sababu amemleta mchezaji au fedha. Prodyuza, neno la vijana wa Dar es Salaam, halisaidii, maana katika muziki wao ni fundi akaaye studioni akiunda mapigo.

Mwezi wa Aprili 1919 haukuwa na mfano wa yale yaliyotokea Aprili 2019, pale chama cha waandishi wa filamu kilipowataka maelfu ya wanachama wake waachane na mawakala wao, ambao walikuwa wamerejea kidogo kidogo katika utoaji wa filamu. Mapatano yaliyofuata yaliwaruhusu mawakala kumiliki si zaidi ya asilimia 20 ya kampuni ya utayarishaji. Mameneja hawakuguswa na mapatano hayo.