Mlango wako una upana gani? Swali ambalo matangazo ya utalii husahau

Tafuta hoteli ya Pwani kwenye simu. Utaonyeshwa bwawa, minazi na samaki wa kupaka. Lakini mlango wa bafu una upana gani? Kuna ngazi ngapi hadi ufuoni? Mara nyingi huambiwi. Kwa anayetumia kiti cha magurudumu, majibu hayo ndiyo huamua kama atalipia chumba au atabaki nyumbani.

Na si watu wachache. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu bilioni 1.3, yaani mmoja kati ya sita, wanaishi na ulemavu mkubwa. Mmoja akikwama mlangoni, familia au marafiki alioandamana nao nao huondoka na pesa zao.

Habari njema ni kwamba vifaa vya kuziba pengo hili tayari viko mfukoni mwako. Wheelmap, ramani iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 2010, humruhusu yeyote kuonyesha iwapo mahali panaingilika kwa kiti cha magurudumu. Google Maps pia hupokea habari kama hizo kutoka kwa watumiaji.

Basi vijana wa bara ya Mombasa, kazi ipo. Likoni, maji yakipwa, mwendo wa kushuka hadi kwenye feri huwa mrefu kuliko yakijaa. Mgeni akijua saa za maji mapema, atapanga safari yake vizuri. Changamwe kuna uwanja wa ndege wa Moi na wachongaji wa Akamba. Je, kutoka uwanjani hadi karakana atapata gari la kubeba kiti chake? Kisauni kuna Haller Park, Bamburi. Piga picha za lango, njia na choo, kisha uziweke mtandaoni pamoja na vipimo.

Usiandike tu "walemavu wanakaribishwa". Andika: mlango sentimita 80, ngazi mbili, hakuna pa kushikilia. Hapo mtu anaamua mwenyewe.

Unauza ziara kupitia WhatsApp au Instagram? Usifiche bei ndani ya bango pekee. Wasioona hutumia TalkBack au VoiceOver, programu zinazosoma skrini kwa sauti, na maandishi yaliyo ndani ya picha huweza kuwapita. Yaandike pia chini ya picha. Video nayo iwekee maandishi kwa ajili ya viziwi.

Ni kweli, simu haijengi njia ya mteremko. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inawapa watu wenye ulemavu haki ya kufika mahali pote, kutumia usafiri wa umma na kupata habari. Hilo ni deni la wenye majengo na serikali. Lakini picha na vipimo vikiwa wazi mtandaoni, mwenye hoteli hatakuwa na pa kujificha.

Jambo moja zaidi: usikague peke yako. Karakana za Bombolulu zimekuwa zikiwaajiri mafundi wenye ulemavu tangu 1969, na watalii huenda huko kununua kazi zao. Ujuzi upo hapa hapa. Mwite mtu anayetumia kiti aupime mlango, na umlipe. Hiyo nayo ni kazi ya utalii.