Banda la Kenya bila Wakenya: Somo la Venice kwa sanaa ya Afrika Mashariki

MAPEMA mwaka 2015, wakati mataifa mbalimbali yakijiandaa kwa maonyesho makubwa ya sanaa ya mjini Venice, Italia, wachoraji na wachongaji wa Nairobi walikuwa na kazi ya ajabu. Walikuwa wakikusanya saini kuishinikiza serikali yao itangaze kwamba banda lililobeba jina la Kenya si la Kenya.

Kilichowakera ni orodha ya washiriki. Wengi wa wasanii waliotajwa kwamba wangeonyesha kazi zao chini ya jina hilo walikuwa raia wa China. Upande wa Kenya aliwekwa Yvonne Amolo, Mkenya anayeishi Uswisi, pamoja na Armando Tanzini, mzaliwa wa Italia aliyeishi Malindi kwa miaka mingi.

Hiyo haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2013, banda la Kenya katika maonyesho hayo hayo lilijaa Wachina na Waitaliano. Wakenya wazawa walikuwa wawili tu: Kivuthi Mbuno, ambaye aliwahi kuwa mpishi wa misafara ya watalii kabla ya kujulikana kwa michoro yake ya wanyama na watu, na Chrispus Wangombe Wachira.

Swali ambalo wengi walijiuliza wakati huo bado lina uzito leo, hasa baada ya Tanzania nayo kuingia Venice kwa mara ya kwanza mwaka 2024. Inawezekanaje nchi ikawa na banda la taifa lisilo na watu wake? Na nani mwenye haki ya kusema, hii ndiyo sanaa yetu?

Banda la taifa ni kitu gani?

Maonyesho ya Venice yalianza mwaka 1895, na kwa kawaida hufanyika kila baada ya miaka miwili. Hudumu kwa takriban miezi saba, kuanzia Aprili au Mei hadi Novemba, na hushirikisha nchi zaidi ya 80. Mwaka 2022 pekee ziliuzwa tiketi zaidi ya 800,000.

Yana sehemu kuu mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Ya kwanza ni maonyesho makuu, ambayo waandaaji humkabidhi mtaalamu mmoja achague wasanii anaowataka kutoka popote duniani. Msanii haendi hapo kwa jina la nchi yake, bali kwa mwaliko.

Sehemu ya pili ni mabanda ya mataifa. Msomaji aliyezoea Sabasaba pale barabara ya Kilwa, Dar es Salaam, hatapata shida kuelewa utaratibu wake. Kila nchi ina banda lake, huweka ndani inachotaka kuuonyesha ulimwengu, na hulipia gharama zake yenyewe.

Ubelgiji ilikuwa nchi ya kwanza ya kigeni kujenga banda lake katika bustani za maonyesho hayo, mwaka 1907. Leo bustani hizo zimejaa, na miongoni mwa nchi za Afrika ni Misri pekee iliyo na jengo la kudumu humo. Nyingine hulazimika kupanga kumbi, majumba ya kale au hata shule katika mitaa na visiwa vya mji huo.

Jambo la msingi ni kwamba ushiriki wa taifa huombwa na serikali. Serikali ndiyo humteua kamishna, yaani mtu anayelibeba banda kwa niaba ya nchi. Kamishna naye hufanya kazi na mratibu, ambaye huchagua wasanii na kupanga maonyesho yenyewe.

Pasipoti haiulizwi

Hapo ndipo ulipo mlango ambao Kenya iliuacha wazi. Waandaaji wa Venice hawakagui uraia wa wasanii waliomo katika banda la nchi. Wakishapokea barua ya serikali, kinachoingia ndani ya banda huwa ni jukumu la kamishna na mratibu wake.

Serikali isiyotenga fedha hubaki na kitu kimoja tu cha kutoa, nacho ni jina. Jina hilo lina thamani kubwa. Msanii anayeweza kuandika katika wasifu wake kwamba amewahi kuonyesha Venice hupanda hadhi machoni mwa wanunuzi, na hadhi ikipanda, bei nayo hupanda. Kwa hiyo mwenye uwezo wa kulipia ukumbi, usafiri na bima ya kazi za sanaa huwa na kauli kuliko msanii wa Nairobi au Kisumu asiye na hata nauli ya ndege.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Wasanii wa Kenya hawakuwepo wakati uamuzi ulipofanywa, na lao halikuwepo banda lilipofunguliwa.

Hata hivyo, ni vyema kutahadhari. Tatizo halikuwa rangi wala uraia wa wasanii wa China. Mwaka 2013, mwaka ule ule wa banda la kwanza lenye utata, Ujerumani iliwakilishwa na Ai Weiwei wa China, Dayanita Singh wa India na Santu Mofokeng wa Afrika Kusini, pamoja na mtengeneza filamu Romuald Karmakar. Isitoshe, mwaka huo Ujerumani na Ufaransa zilibadilishana majengo.

Hakuna aliyesema Ujerumani imeporwa. Sababu ni kwamba uamuzi ule ulifanywa na Wajerumani wenyewe, kwa hoja waliyoieleza hadharani, na nchi yenye makumbusho na bajeti ya sanaa haipotezi kitu kwa kuwapisha wageni mara moja. Kwa Kenya, banda lilikuwa nafasi moja adimu, na wenye nyumba hawakuulizwa.

Angola ilivyoonyesha njia

Kama kuna aliyedhani kwamba nchi ya Afrika haiwezi kufanya vizuri Venice, Angola ilimsuta mwaka huo huo wa 2013. Ikiwa inashiriki kwa mara ya kwanza kabisa, iliondoka na Simba wa Dhahabu, tuzo ya banda bora la taifa kati ya mabanda yote.

Angola haikwenda na msururu wa wasanii. Ilimpeleka mpiga picha mmoja, Edson Chagas, aliyepiga picha za vitu vilivyotupwa katika mitaa ya Luanda. Picha hizo zilichapwa kwa wingi na kupangwa sakafuni katika marundo, ndani ya jumba lenye michoro ya kale ya Kitaliano. Kila mgeni aliruhusiwa kuchukua nakala na kuondoka nayo. Waratibu walikuwa wawili, Paula Nascimento wa Angola na Stefano Rabolli Pansera wa Italia.

Kwa hiyo kuwapo kwa mratibu mgeni peke yake si dhambi. Kinachotofautisha banda moja na jingine ni kama kazi iliyomo imetoka katika maisha ya nchi husika, na kama waliochagua wanaweza kueleza kwa nini waliichagua.

Kejeli ya mwaka 2015

Huko Kenya, kelele za mwaka 2015 zilizaa matunda kiasi. Mchoraji Michael Soi, anayefahamika kwa michoro ya kejeli kuhusu uhusiano wa China na Afrika, alichora mfululizo wa picha kuhusu aibu hiyo ya Venice. Waziri aliyehusika na utamaduni wakati huo, Hassan Wario, aliitenga serikali na banda hilo.

Kejeli kubwa zaidi ilikuwa ndani ya Venice kwenyewe. Mwaka huo maonyesho makuu yaliongozwa na Okwui Enwezor wa Nigeria, mzaliwa wa kwanza wa Afrika kupewa jukumu hilo. Miongoni mwa wasanii aliowaalika ni Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi. El Anatsui wa Ghana alitunukiwa Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake yote.

Kwa maneno mengine, msanii wa Kenya alipita mlango mkuu kwa uwezo wake, huku katika mlango wa taifa lake jina la Kenya likibebwa na wengine.

Wala kipaji hakijawahi kuwa haba katika ukanda huu. Chuo cha Makerere kilianza kufundisha uchoraji tangu miaka ya 1930. Makumbusho ya sanaa za kisasa ya New York yanahifadhi mchoro wa Mtanzania Sam Ntiro wa mwaka 1956. Elimo Njau, mzaliwa wa Tanzania, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kituo cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965. Miaka mitatu baadaye, Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora jijini Dar es Salaam kwa rangi za enameli juu ya mbao ngumu za masonite, akianzisha mtindo unaobeba jina lake hadi leo.

Kilichopungua si mikono ya kuchora, bali ofisi ya kuipa mikono hiyo nafasi kwa wakati.

Ahadi na fedha

Mwaka 2017 Kenya ilirudi Venice ikiwa na sura nyingine. Mratibu alikuwa Mkenya, Jimmy Ogonga. Wasanii walikuwa Arlene Wandera, Paul Onditi, Peterson Kamwathi, Richard Kimathi na Mwangi Hutter, jina la pamoja la Ingrid Mwangi na Robert Hutter. Safari hii hakuna aliyeuliza Wakenya wako wapi.

Lakini fedha zilizotarajiwa kutoka serikalini hazikufika kwa wakati, na maonyesho yakafanyika kwa kujikokota katika jengo la shule kisiwani Giudecca. Ilidhihirika kwamba kurudisha jina ni hatua ya kwanza tu. Banda halisimami kwa tamko la waziri. Linahitaji mkataba wa ukumbi, meli ya mizigo, bima, mafundi na watu wa kulinda kazi hizo kwa miezi yote saba, na kila kimoja kina tarehe yake ya malipo.

Uganda ilijifunza kutokana na yaliyowapata majirani. Ilipoingia kwa mara ya kwanza mwaka 2022, ilipeleka wasanii wawili tu, Acaye Kerunen na Collin Sekajugo. Kerunen alitumia ukili, nyasi na nyuzi za migomba zilizosukwa na wanawake wa Uganda. Sekajugo alitumia, pamoja na vingine, nguo ya magome ya mti ambayo Waganda wameitengeneza kwa karne nyingi. Jopo la majaji liliipa Uganda tuzo ya kutajwa kwa heshima.

Zamu ya Tanzania

Mwaka 2024 ikafika zamu ya Tanzania, iliyoingia kwa mara ya kwanza pamoja na Ethiopia, Benin na Timor ya Mashariki. Kamishna alitoka katika wizara inayohusika na utamaduni na sanaa, na mratibu alikuwa Mwitaliano, Enrico Bittoto. Miongoni mwa walioonyesha ni Happy Robert, Haji Mussa Chilonga na Lute Mwakisopile.

Ikilinganishwa na Kenya ya mwaka 2013, huo ni mwanzo wenye nafuu kubwa, kwa kuwa Watanzania walionekana katika banda la Tanzania. Lakini yaliyowapata majirani yanafundisha kwamba majina katika orodha hayatoshi kumaliza hoja. Yapo mambo matatu ambayo mwananchi anayelipa kodi ana haki ya kuyauliza kila nchi yake inapokwenda Venice.

La kwanza ni namna ya uchaguzi. Je, nafasi ilitangazwa, ili mchongaji wa Mtwara na mchoraji wa Mwanza nao wajaribu bahati yao? La pili ni fedha. Nani amelipa, kiasi gani, na amepata nini kwa malipo hayo? La tatu ni marejeo. Maonyesho yakifungwa Novemba, je, kazi zile zitaonekana nyumbani, au Watanzania wataziona katika picha za mtandaoni tu?

Swali la mwisho ndilo linalosahaulika kuliko yote. Mchoraji Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi aliyealikwa katika maonyesho makuu ya Venice mwaka 2019, alianzisha taasisi ya sanaa za kisasa jijini humo mwaka 2020. Maonyesho ya wachoraji wa Afrika Mashariki yaliyopewa jina la Kiswahili, Mwili, Akili na Roho, yaliwaweka Theresa Musoke, Jak Katarikawe, Sane Wadu na Elimo Njau mbele ya watazamaji wa Ulaya. Taasisi hiyo nayo ilifungua milango yake Nairobi kwa kazi za Sane Wadu, mzee ambaye vijana wengi wa jiji lake hawakuwahi kuziona kazi zake kwa pamoja.

Huo ndio msingi ambao banda la taifa hupaswa kusimama juu yake. Nchi inayowajua wasanii wake, inayozihifadhi kazi zao na kuzionyesha kwa watu wake, haiwezi kupelekewa orodha ya wageni ikatia saini bila kushtuka. Nchi isiyowajua itaendelea kutegemea hisani ya mwenye fedha, na cha kuazima hakisitiri maungo.