Modeli ya Kimahesabu ya Usukumaji wa Damu na Mipaka ya Kipimo cha Presha: Mfano wa Tibirinzi, Pemba

Mkazi wa Tibirinzi, pembezoni mwa mji wa Chake Chake, anapopimwa presha hupewa namba mbili, tuseme 120 kwa 80. Aghalabu namba hizo huchukuliwa kuwa ni taarifa ya moyo. Kimahesabu, ni taarifa ya moyo na mishipa kwa pamoja, na kuvitenganisha viwili hivyo ndiko kugumu.

Mwaka 1733 Stephen Hales wa Uingereza alizifananisha ateri na chombo cha hewa cha mashine za zimamoto, ambacho hufanya maji yatoke mfululizo ingawa yanasukumwa kwa vipindi. Otto Frank, Mjerumani, aliujengea mfano huo hesabu mwaka 1899. Mlinganyo wake ni mfupi:

C dP/dt = Q − P/R

P ni shinikizo, Q ni mtiririko utokao moyoni, R ni ukinzani wa mishipa midogo, na C ni unyumbufu wa ateri kubwa. Kwa msomaji wa Pemba, tangi la maji hueleza vyema zaidi: C ni upana wa tangi, P ni kina cha maji, R ni wembamba wa bomba la kutolea. Pampu ikijaza kwa vipindi, kina katika tangi pana hubadilika kidogo tu. Katika tangi jembamba hupanda na kushuka sana. Ndiyo maana ateri za mzee zilizokakamaa huweza kutoa 160 kwa 70, ilhali wastani wa shinikizo haujabadilika sana.

Moyo unaotoa mililita 70 kwa pigo, mapigo 72 kwa dakika, husukuma takribani mililita 84 kwa sekunde. Kwa wastani wa shinikizo wa 93, R ni 1.1. Kukadiria C kunahitaji uangalifu. Kugawa 70 kwa 40, yaani tofauti ya 120 na 80, huleta 1.75, jibu lililo kubwa mno, kwa sababu katika sekunde 0.3 za moyo kusukuma, mililita 25 hivi huwa zimekwisha kupita kwenye mishipa midogo. Zilizohifadhiwa ni 45 tu, na C hushuka hadi 1.1. Vali ya aota ikifungwa, Q huwa sifuri na shinikizo hufuata P = P₀e^(−t/RC). Kushuka kutoka 120 hadi 80 kwa sekunde 0.53 huleta C ya takribani 1.2, na makadirio haya mawili yanakaribiana.

Hata hivyo, mlinganyo huo huo unaficha jambo zito. Q ikipunguzwa nusu, R ikizidishwa mara mbili na C ikigawanywa kwa mbili, P haibadiliki hata kidogo, wala umbo la wimbi lake. Moyo dhaifu utoao mililita 35 kwa pigo, ukiwa na mishipa iliyojikaza na kukakamaa kwa kiasi hicho, utasomeka 120 kwa 80 sawasawa na moyo mzima. Kurudia kipimo mara kumi, au kununua mashine iliyo sahihi zaidi, hakuondoi utata huo, kwa kuwa chanzo chake si hitilafu ya chombo.

Kinachokosekana ni Q yenyewe. Hiyo hukadiriwa kwa eko, kipimo cha mawimbi ya sauti kinachofanywa, miongoni mwa kwingine, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, ng'ambo ya bahari kwa mgonjwa wa Tibirinzi. Q ikishajulikana, R hupatikana kwa mgawanyo mmoja, C hufuata, na moyo wa mililita 35 hutengana na ule wa 70.