Naiweza, ila watanipa?

Juni 2014, Idara ya Uhamiaji iliita watu kwenye usaili wa nafasi 70. Walifika zaidi ya 10,000, ikabidi wapelekwe Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, wakajaa majukwaani kana kwamba wanangoja Simba na Yanga. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596. Maombi yakapita 135,000.

Mwanafunzi wa chuo anazijua namba hizi. Hata hivyo, chukua wawili wa kozi moja, GPA zao zinakaribiana, wote wanasubiri bumu la mkopo liingie. Mmoja anaongea kama mtu ambaye kazi inamngoja. Mwenzake ukimgusia ajira anacheka tu: “Mimi sina koneksheni.”

Mwanasaikolojia Albert Bandura, katika makala yake ya mwaka 1977, alitenganisha mambo mawili ambayo sisi huyachanganya. Kuna kuamini kwamba kazi naiweza, na kuna kuamini kwamba nikiiweza nitaambulia kitu. Yule wa koneksheni huenda hana shaka hata chembe na uwezo wake. Asiowaamini ni wenye ofisi. Ukimwambia “jiamini” umemtibu ugonjwa asiokuwa nao.

Hilo la kwanza, la kuiweza kazi, Bandura alisema hujengwa zaidi ya yote na kuwahi kuiweza. Kwetu mahali pake ni fildi, yaani mafunzo kwa vitendo.

Fildi yangu ya kwanza ilikuwa wiki nane za kutoa kopi, kubana karatasi na kufuata chai. Kila Ijumaa niliandika kwenye kitabu cha kumbukumbu kwamba “nimeshiriki kuandaa taarifa za fedha”, msimamizi akatia sahihi bila kusoma. Nilirudi chuoni na alama nzuri, na hofu ambayo sikuwa nayo wakati naondoka.

Mwaka uliofuata nilipangiwa ofisi ya halmashauri moja, mbali na mji. Mhasibu alikuwa mzee wa maneno machache. Siku moja daftari la fedha na taarifa ya benki vilipishana kwa shilingi 27,000. Akanisukumia faili. “Kijana wangu, kaa nazo. Mimi naenda kuswali.” Nilikaa nazo siku mbili. Ndipo nikakumbuka jambo tuliloambiwa darasani, ambalo wakati ule nililipuuza: tofauti ikigawanyika kwa tisa, tafuta tarakimu zilizopinduka. Nilizikuta. Mtu aliandika 36,000 badala ya 63,000. Mzee akaangalia, akasema, “Haya, leta ya mwezi uliopita.” Hakunisifu hata kidogo, lakini jioni ile nilitembea kama mtu mwenye mshahara.

La pili, la watanipa au hawatanipa, ni gumu zaidi, kwa sababu mwanafunzi haliamui peke yake. Anaangalia waliomtangulia. Kama nyumbani kwao jina la binti wa mama muuza maandazi liliwahi kutokea kwenye orodha ya Sekretarieti ya Ajira, na kila mtu anajua hana mjomba Dodoma, basi mtaa mzima wa wanafunzi unapata nguvu ya kuomba. Kama aliyeajiriwa ni mtoto wa bosi tu, hakuna hotuba itakayofua dafu. Na hotuba hatukosi. Kila mahafali husimama mtu aliyekula mshahara wa serikali miaka thelathini, akawaambia vijana wajiajiri.

Halafu kuna nyumbani. Kuna mhitimu anayeweza kujitolea mwaka mzima bila malipo, nauli anapewa na baba, mwisho wa mwaka anakuwa na ule “uzoefu” ambao kila tangazo linaudai. Na kuna ambaye wadogo zake wawili walikuwa wanamsubiri amalize ili na wao walipiwe ada. Huyu wa pili hana muda wa kujiamini. Baada ya miezi mitatu tu anashika kazi yoyote, na watu wanasema alikata tamaa mapema.

Kitabu cha fildi ile ya kwanza sijui kiliishia wapi. Cha pili ninacho. Kwenye wiki ya tano kuna 36,000 iliyokatwa kwa kalamu nyekundu, 63,000 juu yake, na sahihi ya mzee pembeni. Hiyo aliisoma kwanza.