Mlinzi wa Pumzi Aliye Kooni

Tuchukue mfano wa mama aliye Kisaki, mkoani Morogoro, mahali inapopita reli ya TAZARA. Anasikia honi ya treni, anageuka, anamwona mwanawe anakimbilia relini. "Rudi hapa!" Mtoto anasimama papo hapo. Sauti ya mama imemwokoa.

Je, umewahi kujiuliza sauti hiyo inatoka wapi? Chombo kinachoitoa kina kazi nyingine kubwa zaidi, na ni vema kila mama aijue.

Sauti inavyotoka

Chombo hicho huitwa zoloto. Liko mbele ya shingo, juu ya bomba la hewa. Kwa mwanamume hutokeza wazi. Ndilo linalopanda na kushuka anapomeza. Ndani yake mna nyuzi mbili za sauti. Tunapopumua huachana ili hewa ipite. Tunapozungumza hukaribiana, na hewa itokayo mapafuni huzitikisa. Za mwanamke hutikisika kama mara 200 kwa sekunde. Za mwanamume kama mara 120, kwa kuwa ni ndefu na nene zaidi. Mvulana anapobalehe zoloto lake hukua haraka, sauti ikakwaruza. Tusimcheke.

Kazi iliyo kubwa zaidi

Kabla ya kusema, zoloto hulinda pumzi. Kooni njia ya hewa na ya chakula hukutana. Tunapomeza, zoloto hupanda, kidakatonge hulifunika na nyuzi hufunga, tonge likashuka salama. Lakini mtoto anayekula huku akicheka, akilia au akikimbia aweza kuvuta pumzi wakati mlango uko wazi. Hapo hupaliwa.

Kwa hiyo tuwazoeze watoto kula wakiwa wameketi. Aliye chini ya miaka 5 asipewe karanga nzima, tumsagie.

Akipaliwa na bado anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Asipoweza kukohoa, kulia wala kupumua, ita msaada na uanze mara moja:

Aliyezidi mwaka 1: mwinamishe, mpige kwa kiganja kati ya mabega mara 5. Kisipotoka, simama nyuma yake, weka ngumi juu ya kitovu, chini ya mbavu, uivute ndani na juu mara 5. Rudia kwa zamu.

Mchanga: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, umpige mgongoni mara 5. Kisha mgeuze, umbonyeze katikati ya kifua kwa vidole 2 mara 5. Tumbo lake lisibonyezwe kamwe.

Usichokonoe koo kwa kidole. Utakisukuma ndani zaidi. Hata kitu kikitoka, mpeleke mtoto zahanati akapimwe.

Sauti ikikauka

Mafua au kelele nyingi hukausha sauti. Tunywe maji, tupumzishe koo, tuepuke moshi wa tumbaku na wa jikoni. Kunong'ona kwa nguvu si kupumzika. Lakini sauti ikikwaruza zaidi ya wiki 3, tusiendelee na tangawizi tu. Twende hospitali, kwani huenda ni uvimbe, na ugonjwa ukiwahiwa hutibika kwa urahisi zaidi.

Mama wa Kisaki alikuwa na sauti ya kumwita mwanawe. Basi tuitunze yetu, na mezani tulinde pumzi ya watoto wetu.